Ulipojikwaa: Utangulizi wa Uchunguzi wa Programu Zinazoanguka

Mtu akiniletea kompyuta ambayo programu yake ya simu za video imeharibika, kitu cha kwanza ninachokisikiliza ni kitenzi. Mmoja husema, "Imeganda." Mwingine, "Imejifunga." Wa tatu, "Imefungwa, sijui na nani." Wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni mamoja, na fundi mwenye haraka huyapokea hivyo hivyo: programu ni mbovu, ifutwe, iwekwe upya, mteja alipe aende zake. Katika somo ninalolifundisha, wanafunzi hawagusi kibodi mpaka tumekaa na vitenzi hivyo kipindi kizima. Sarufi yetu inauliza swali ambalo uchunguzi wote wa programu zinazoanguka umesimama juu yake: nani ametenda?

Imejifunga: ile -ji- inasema kwamba mtenda na mtendwa ni yule yule. Imefungwa: ile -w- inasema yupo mwingine aliyefunga, hata kama hatajwi. Imekwama, imeganda: hapa hatajwi mtenda yeyote, ipo hali tu, na kitu chenyewe bado kiko hai ndani ya hali hiyo. Nitarudi kwenye vitenzi hivi, kwa sababu kompyuta yenye Linux hutofautisha vifo vya programu kwa namna inayokaribiana mno na hii, tena huvipa namba.

Nimechagua kuwakaribisha kwenye taaluma hii kupitia simu ya video, na nimechagua kwa makusudi. Ukiandika barua, programu yako inahitaji kibodi, skrini na diski, basi. Ukipiga simu ya video, karibu kila kiungo cha kompyuta kinaitwa kwa pamoja: kamera itoe picha, maikrofoni itoe sauti, kadi ya michoro ibane picha zinazotoka na kuzifumua zinazoingia, mtandao ubebe, spika ziseme, na yote yatimie ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, la sivyo watu wawili watakuwa wanakatizana maneno. Anayeweza kueleza kwa nini simu ya video imeanguka ameshauzunguka mfumo mzima.

Katika Linux kuna jambo la ziada, nalo ndilo linaloufanya mfumo huu kuwa darasa zuri. Kila kiungo kina mwenyewe. Linus Torvalds alitangaza kiini cha mfumo mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Mfumo wa madirisha uitwao X ulianza MIT mwaka 1984, kabla ya kiini chenyewe kuwapo. Lennart Poettering alianza kazi ya PulseAudio, inayochanganya na kugawa sauti, mwaka 2004. Kristian Høgsberg alianza Wayland, mrithi wa X, mwaka 2008. Wim Taymans akaleta PipeWire, inayobeba sauti na picha kwa pamoja, na Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, ikaipa kazi ya sauti katika toleo lake la Aprili 2021. Watu hawa hawakuwa na mwajiri mmoja wala kalenda moja. Juu ya kazi zao zote hukaa programu ya simu, ambayo mara nyingi ni mali ya kampuni fulani na hairuhusu mtu wa nje aisome ndani. Kila mmoja huboresha sehemu yake kwa wakati wake, na yanapokutana maboresho ya wawili wasiojuana ndipo mtu hujikwaa.

Usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa. Methali hii naifundisha kama nadharia, na naomba ichukuliwe kwa uzito huo. Inadai kwamba kuna nukta mbili, si moja. Kwamba nukta inayoonekana ndiyo isiyo na maana sana. Na kwamba kazi ya mchunguzi ni kurudi nyuma kutoka ya pili hadi ya kwanza, kwa nyayo. Programu ya simu ndiyo inayoonekana chini, na kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa. Nimeona mara nyingi kwamba ilisukumwa.

Turudi kwenye vitenzi. Katika Linux programu inayoanguka haizimiki hivi hivi. Mara nyingi hufa kwa ishara, na kila ishara ina namba. Ukiianzisha programu kwa kuandika jina lake kwenye terminali badala ya kubofya picha yake, basi ikianguka unaweza kuandika echo $? na kupewa namba ya kifo chake, ambayo ni 128 kujumlisha namba ya ishara iliyoiua. Namba tatu zinatosha kwa kuanzia.

Ya kwanza ni 134, yaani ishara ya 6, SIGABRT. Hapa programu imejifunga kwa maana kamili ya -ji-. Imekagua hesabu zake, imekuta jambo ambalo mwandishi wake aliamini haliwezi kutokea, ikachagua kufa kuliko kuendelea na uongo. Programu inayokufa hivi kwa kawaida huacha sentensi moja ya mwisho kwenye terminali. Hiyo sentensi ni wasia, na ajabu ni jinsi watu wanavyoifunga terminali bila kuusoma.

Ya pili ni 137, ishara ya 9, SIGKILL. Hii ndiyo imefungwa. Programu haikuulizwa, haikupewa nafasi ya kuaga, na ndani yake hutakuta maelezo yoyote hata ukichimba usiku kucha, kwa sababu yenyewe haikujua. Maelezo yako kwa muuaji.

Ya tatu ni 139, ishara ya 11, SIGSEGV, na hii haitoshei kwenye kitenzi kimoja kati ya vile vitatu. Programu imenyoosha mkono kwenye anwani ya kumbukumbu isiyo yake, na kiini kikaidaka mkono ukiwa bado ndani. Mimi husema imefumaniwa. Anwani moja hujirudia mno katika mafumanizi haya: sifuri. Programu iliulizia kitu, ikaambiwa hakipo, na badala ya kusikia jibu ikaenda kukichukua. Tony Hoare, aliyeliingiza wazo la rejeo tupu katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alisimama mbele ya wataalamu jijini London mwaka 2009 akaliita kosa lake la dola bilioni. Sijui taaluma nyingine ambamo mzee aliyeheshimiwa kiasi kile alijitokeza hadharani kuungama jambo la ujana wake kwa utulivu ule, na humsimulia kila mwaka kwa sababu huyo ndiye mwalimu ninayetaka wanafunzi wangu wamwige.

Fumanizi huandikwa kwenye daftari la kiini, linalosomwa kwa amri ya dmesg au journalctl -k. Mstari wake huwatisha wageni, lakini una sehemu nne tu za maana. Kuna jina la programu. Kuna neno segfault at likifuatiwa na anwani. Ikiwa ni 0, au namba ndogo karibu na 0, umekutana na rejeo tupu la Hoare. Kuna neno error na tarakimu: 4 maana yake programu ilikuwa ikisoma mahali pasipo na kitu, 6 maana yake ilikuwa ikiandika. Na mwisho kuna neno in, na baada yake jina la faili ambalo ndani yake mkono ulidakwa. Neno hilo dogo la mwisho ndilo huniokolea nusu siku. Likitaja faili ya programu yenyewe, ninaanza na programu. Likitaja maktaba ya kadi ya michoro, au ya sauti, nimeshatoka nje ya nyumba ya mshtakiwa na kuingia kwa jirani.

Naomba nisimulie kisa kimoja cha kwangu, kwa kuwa kilinifunza kutii haya ninayoyaandika. Nilikuwa nikimsimamia mwanafunzi aliyekuwa akifanya kazi Muscat, na kila wiki tulikutana kwa simu ya video. Kwa wiki tatu mfululizo simu ilikatika karibu dakika ya kumi. Dirisha lilikuwa likibaki jeupe, kisha linatoweka. Wiki ya kwanza niliiwasha kompyuta upya. Ya pili niliifuta programu na kuiweka tena. Ya tatu niliifuta tena, safari hii pamoja na mipangilio yake yote, nikapoteza na orodha ya watu wangu. Mwanafunzi ndiye aliyeniuliza, kwa adabu kubwa, "Mwalimu, daftari la kiini linasemaje?" Nilikuwa sijalifungua.

Lilikuwa na mstari unaoanza na Out of memory: Killed process. Imefungwa, basi, si imejifunga. Kumbukumbu ilikuwa imejaa, na kiini kilipolazimika kumtoa mmoja ili wengine wapumue, kikaiua programu ya simu. Lakini aliyekuwa amejaza si yeye. Nyuma ya madirisha nilikuwa nimeacha kompyuta pepe ikiendesha majaribio, imekumbatia nusu ya kumbukumbu yote. Kwa nini basi hakuuawa mlafi? Programu nyingi za simu za siku hizi, ndani, ni kivinjari cha aina ya Chromium kilichovalishwa nguo nyingine, na kivinjari hicho huiandikisha michakato yake inayochora kurasa iwe ya kwanza kuuawa kumbukumbu ikiisha, ili sehemu kuu isalimike. Ni uungwana uliopangwa. Mimi nilikuwa nimemwadhibu mara mbili yule aliyejitolea, na mwenye hatia nikamwacha aendelee na kazi.

Nimekiweka kisa hiki mapema ili nieleze kwa nini napinga, na napinga kwa moyo wote, ile tabia ya kufuta na kuweka upya kama hatua ya kwanza. Wakati mwingine hutibu. Lakini inapotibu haikuachii ujuzi wowote, na isipotibu imeshafagia nyayo. Ukilazimika, usifute: ibadilishe jina folda ya mipangilio iliyo ndani ya .config, uanze na tupu, na ile ya zamani ibaki kama kielelezo. Afadhali zaidi, fungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta ile ile na uijaribu programu humo. Ikitulia, kiini, viendeshi na maktaba za mfumo karibu wote wamepata udhuru, na tatizo limo ndani ya nyumba yako mwenyewe. Jaribio hilo huchukua dakika tano.

Sasa niseme zaidi juu ya viungo, maana ndipo ulipo utajiri wa somo hili. Skype ilizaliwa mwaka 2003, na mpaka ilipofungwa Mei 2025 watumiaji wa Linux walikuwa nayo kwa muda mrefu wa maisha yake. Katika miaka ile ya katikati, kamera katika Linux zilizungumza na programu kwa lugha iitwayo Video for Linux, na lugha hiyo ilikuwa na matoleo mawili. La pili lilikuwa limekwisha kuingia zamani, la kwanza likaachwa lizeeke, na Machi 2011 toleo la kiini namba 2.6.38 likaliondoa kabisa. Kwa upande wa kiini lilikuwa jambo la usafi, lililotangazwa mapema. Kwa upande wa mtu aliyekaa mezani usiku akimsubiri ndugu yake, kamera iliyofanya kazi jana leo haionekani, na programu iliyozoea lugha ya kale haina la kusema. Kila upande ungeweza kuapa kwamba haujakosea.

Dawa ilikuwepo, na ilikuwa nzuri kwa namna yake. Hans de Goede alikuwa ameandika maktaba ya libv4l, ambayo ndani yake kulikuwa na mkalimani: faili ndogo iitwayo v4l1compat.so. Mtu alianza Skype kwa kutanguliza mpangilio wa LD_PRELOAD na njia ya faili hiyo, na mkalimani akakaa katikati, akiyapokea maswali ya lugha ya kale na kuyajibu kwa mpya. Maelfu ya watu waliunakili mstari huo bila kujua unafanya nini. Ningependa msomaji wangu ajue, kwa sababu LD_PRELOAD ni chombo cha uchunguzi kabla ya kuwa dawa. Ukiweza kumweka mtu wako katikati ya mazungumzo ya wawili, unaweza pia kusikia wanachoambiana.

Torvalds mwenyewe alikitumia chombo hicho mwaka 2010. Fedora 14 ilipotoka, sauti za Flash, kiongezo cha kuchezea video kwenye kivinjari, zilianza kukwaruza. Chanzo kilipatikana ndani ya glibc, maktaba ambayo karibu programu zote za Linux husimama juu yake. Kazi yake ya kunakili vipande vya kumbukumbu, memcpy, ilikuwa imeandikwa upya ili iende kasi kwenye vichakataji vipya, na katika uandishi huo iliweza kunakili kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kanuni za lugha ya C zinasema wazi kwamba memcpy isitumike pale kipande kinachotoka na kinapokwenda vinapopandana. Kwa hali hiyo ipo kazi nyingine, memmove. Flash ilikuwa imevunja kanuni hiyo miaka yote na haikudhurika, kwa bahati tu. Bahati ikaisha. Torvalds aliandika memcpy ya kawaida, akaitanguliza kwa LD_PRELOAD, na sauti ikatakata. Hapo ukazuka mjadala ambao hadi leo nauona ndio wa kimaadili hasa katika fani yetu. Walinzi wa maktaba walisema Flash imekosea, na kisheria walisema kweli. Torvalds alishikilia kwamba mtumiaji aliyekuwa na sauti safi na sasa hana hajali nani amevunja kanuni. Mimi niko upande wa Torvalds. Anayekuwa chini ya wengine hubeba wajibu mkubwa kuliko wa kanuni alizoziandika. Lakini humlazimisha kila mwanafunzi atetee upande wa pili kwanza, kwa sababu ukiwasikiliza vizuri utaona nao walikuwa wakiilinda hali ya kesho.

Kamera inastahili aya yake, na hesabu kidogo. Chukua picha ya pikseli 1280 kwa 720, isiyobanwa, ya mtindo wa kawaida unaotumia baiti 2 kwa kila pikseli. Picha moja ni baiti 1,843,200. Zipige picha 30 kwa sekunde, unapata baiti zaidi ya milioni 55. Waya wa USB 2.0 hutajwa kuwa wa biti milioni 480 kwa sekunde, na ukigawanya kwa 8 utadhani zinaenea, kwa shida. Hazienei. Mfereji mmoja wa picha kwenye waya huo huruhusiwa baiti 3,072 katika kila sehemu ya 8,000 ya sekunde, yaani karibu milioni 24.6 kwa sekunde, na si zaidi. Ndiyo maana kamera nyingi huzibana picha zenyewe kabla ya kuzituma, au hupunguza idadi yake. Sasa chomeka kamera mbili kwenye kigawanyi kimoja cha USB, kila moja ikiweka akiba ya nafasi yake. Ya pili itakataliwa, na ujumbe utakaotoka ni No space left on device, hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Nimewahi kumwona mtu akifuta picha za harusi yake kutoka kwenye diski kwa sababu ya ujumbe huo. Nafasi iliyokwisha ilikuwa ya waya.

Tangu kiini namba 4.16 cha mwaka 2018 kuna mtego mwingine: kamera moja ya USB huweza kuonekana kama mbili, /dev/video0 na /dev/video1, na ile ya pili haitoi picha bali taarifa kuhusu picha. Programu isiyolijua hilo huweza kuifungua ya pili na kusubiri uso ambao hautakuja.

Hapo tumefika kwenye kitenzi cha tatu, imekwama, ambacho hakina namba ya kifo kwa sababu hakuna aliyekufa. Kwa programu iliyoganda uliza inasubiri nini. Amri ya strace, ikipewa -p na namba ya mchakato, itakuonyesha ombi la mwisho ambalo programu imelipeleka kwa kiini na haijajibiwa. Ukiona futex na kimya baada yake, uzi mmoja ndani ya programu unamsubiri mwenzake aachie kufuli, na huenda mwenzake naye anamsubiri yeye, kama watu wawili kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe kila mmoja akimwambia mwenziwe pita. Ukiona ioctl kwenye /dev/video, ni kamera.

Wakati wa kuanguka ni ushahidi mkubwa kuliko watu wanavyodhani, nami humwuliza mteja juu yake kabla sijauliza aina ya kompyuta. Programu inayokufa kabla dirisha halijatokea inagombana na maktaba, mipangilio au kadi ya michoro. Zile zenye Chromium ndani zijaribu kwa kuongeza --disable-gpu, na zikitulia umeshaipunguza dunia kwa nusu. Inayokufa unapobofya kitufe cha kupiga imegusa kamera au maikrofoni. Inayokufa uso wa mwenzako unapotokea imeshindwa kuifumua picha inayoingia. Inayokufa baada ya muda mrefu, ikiwa muda huo haubadiliki sana, inavuja kumbukumbu au inashindana na anayevuja. Na inayokufa unapotaka kuonyesha skrini yako, andika kwanza echo $XDG_SESSION_TYPE. Chini ya X programu yoyote iliweza kuisoma skrini nzima bila kuomba; chini ya Wayland lazima ibishe hodi kwa mlinzi aitwaye xdg-desktop-portal, ipewe ruhusa yako, kisha picha ije kwa mkono wa PipeWire. Programu iliyozoea kuingia bila hodi itakuonyesha weusi, au itaanguka mlangoni. Mimi nauona utaratibu mpya kuwa wa haki, pamoja na usumbufu wake.

Msiba ukitokea baada ya kusasisha mfumo, yupo mtu mmoja wa kumjua. Andreas Zeller, mwanasayansi wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 juu ya programu yake ya DDD, iliyokuwa ikifanya kazi na kichunguzi cha GDB 4.16 na ikagoma na 4.17. Kati ya matoleo hayo mawili kulikuwa na mistari 178,000 iliyobadilika. Zeller aliifanya kompyuta ijaribu yenyewe, ikiweka sehemu ya mabadiliko na kuacha sehemu nyingine, ikigawa na kugawa tena, mpaka likabaki badiliko moja. Lilikuwa maneno ya maelezo tu: mtu alikuwa amerekebisha sentensi ya Kiingereza inayoeleza kazi ya amri fulani, na DDD ilikuwa ikiitegemea sentensi ile ile kama ilivyokuwa. Aliyeirekebisha alidhani anawasaidia wasomaji. Nikisoma kisa hicho sioni mzembe hata mmoja ndani yake, na kwa hiyo nakipenda. Wewe huhitaji chombo cha Zeller kuanza. Unahitaji nidhamu yake. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichoona kwenye daftari la karatasi, ndipo ubadilishe kingine. Mtu aliyebadilisha vitu vitano kwa mpigo na programu ikapona hajui kilichoponya, na wiki ijayo hatajua kilichorudi.

Ukizidi kuchimba utafika kwenye picha ya mwisho ya kumbukumbu, ile ambayo mfumo huihifadhi programu inapofumaniwa. Katika mifumo mingi ya leo yenye systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, amri ya coredumpctl itakuorodheshea vifo vilivyohifadhiwa, na coredumpctl gdb itakuingiza ndani ya kimojawapo. Humo andika bt. Utapewa mfuatano wa miito: kazi iliyokuwa ikiendeshwa pumzi ilipokatika, chini yake iliyoiita, chini yake iliyoiita hiyo, hadi mwanzo. Hapa methali inageuka kitu unachoweza kukisoma kwa macho. Mstari wa juu ni ulipoangukia. Shuka taratibu.

Lakini tahadhari, na hili nalisema kwa ukali. Picha hiyo ni kumbukumbu ya simu. Ndani yake huweza kuwamo sura ya mama yako kama ilivyokuwa kwenye skrini, maneno uliyoandika, na funguo za akaunti yako. Usiitume kwa mtu usiyemwamini, na ya mteja usiitume kwa yeyote bila ruhusa yake. Wape watengenezaji ule mfuatano wa miito kwa maandishi, toleo la kiini, toleo la programu, na hatua zinazorudisha kosa. Mara nyingi hivyo vinatosha.

Neno moja juu ya lugha, kwa kuwa tumeanza nayo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na waliofanya kazi ile walilazimika kuchagua maneno mamia kwa mamia. Walikuwa wakivipa majina vitu vinavyofanya kazi. Sisi tunavipa majina vitu vinavyoharibika, na kwetu msamiati mzuri uko kwa mafundi na wateja wao: imegoma, imekata, inakwaruza, inajizima. Naomba wanaoingia kwenye taaluma hii wayaandike maneno hayo kama wanavyoyasikia, pamoja na hali iliyosababisha yasemwe, kabla hawajayabadilisha kuwa istilahi.

Kwa kuanza huhitaji programu iliyoharibika. Fungua terminali mbili. Katika ya kwanza andika sleep 600, programu isiyofanya lolote ila kulala dakika kumi. Katika ya pili andika pkill -SEGV sleep. Rudi kwenye ya kwanza: utakuta imekuandikia Segmentation fault, ingawa sleep haikuigusa anwani ya mtu. Andika echo $? uone namba, nayo itakuwa 139. Kisha fungua daftari la kiini uutafute mstari wenye segfault at. Hautakuwepo, kwa sababu hakuna mkono uliodakwa. Namba inasema imefumaniwa, daftari linasema hapana, na wewe ndiye uliyeandika amri. Kaa na tofauti hiyo kabla hujafungua ukurasa unaofuata.